Moshi wa Kiangazi Unapovuka hadi Atlantiki

Kuanzia Juni hadi Septemba, kiangazi kinapokaza, nyika na mashamba ya Angola, Zambia na kusini mwa Kongo huwaka kwa maelfu ya mioto midogo. Mingi huwashwa na wakulima wanaosafisha mashamba kabla ya mvua. Mingine ni moto kichaa. Moshi wake ukikutana, pepo za mashariki huusukuma hadi baharini, na setilaiti huuona ukitanda juu ya Atlantiki.

Watu wengi wanaijua ramani ya nukta nyekundu inayotolewa bure na NASA, iitwayo FIRMS. Nukta hizo zinaonyesha joto, hazionyeshi moshi. Kihisi cha VIIRS hupima mionzi ya infraredi ya takriban mikromita 4, ambayo moto huitoa kwa wingi kuliko ardhi iliyouzunguka, hata ukijaza sehemu ndogo tu ya pikseli ya mita 375. Tatizo ni saa. VIIRS hupita mnamo saa saba na nusu mchana, kisha saa saba na nusu usiku. Shamba lililowashwa saa tisa alasiri likazimika kabla ya magharibi halionekani. Setilaiti za Meteosat hupiga picha mara nyingi zaidi, kila baada ya dakika chache, ila jicho lao halioni vitu vidogo. Watafiti waliochunguza Afrika kusini mwa Sahara kwa picha za mwaka 2016 za setilaiti za Sentinel-2, zinazoona vitu vidogo zaidi, walikuta eneo lililoungua limezidi kwa karibu asilimia 80 lile lililotokana na kihisi cha MODIS. Ndiyo maana sikubali mtu aseme wilaya yake ni salama kwa kuwa ramani haina nukta.

Moshi wenyewe hutafutwa kwa njia nyingine. Chembe zake ni ndogo mno: hutawanya mwanga wa buluu, lakini infraredi ya mawimbi marefu kidogo hupenya. Wingu hung'aa katika mawimbi hayo yote mawili. Nje ya pwani ya Angola kazi huwa ngumu zaidi, kwani moshi hupita juu ya mawingu mazito ya chini, na weupe wa mawingu hayo hufifia ukawa kama shuka iliyopakwa chai. Hapo husaidia mionzi ya urujuanimno, maana moshi huifyonza na wingu huirudisha.

Linalonisumbua zaidi ni kimo. Picha hujumlisha moshi wote kuanzia ardhini hadi juu, wakati mapafu huvuta ule ulio chini tu. Setilaiti ya CALIPSO ilipima kimo hicho kwa leza kuanzia 2006 hadi 2023, na mwaka 2016 ndege ya utafiti ulioitwa ORACLES iliruka kutoka Walvis Bay, Namibia, ikaingia ndani ya moshi wenyewe. Kwa mkazi wa Lubumbashi au Ndola, picha ya moshi mzito bado haitoshi kumwambia kama leo mtoto mwenye pumu abaki ndani. Jibu hilo linahitaji kipimo cha chembechembe kilichowekwa mtaani kwake, kisomwe pamoja na picha hiyo.