Leyova ya Embakasi: Wasee wa Kansanga, Hesabuni Mkianzia Nyuma

Desemba ikikaribia, Kansanga nzima, hapa Kampala, iko na risto moja: nani anarudi home, na anarudi na nini. Mayouth wa Nairobi hawana stress. Wanadandia basi jioni, wanavuka Busia ama Malaba, na siku inayofuata wako mtaani. Msee wa Mombasa ndiye ako na kazi. Akitoka Kampala na basi, akifika Nairobi bado safari iko nusu, na mgongo umeshachoka. So anachanga ganji mos mos semesta nzima, anasaka ndege: Entebbe mpaka Nairobi, halafu Nairobi mpaka Mombasa. Kwa fone anaona ya kwanza inatua saa nane mchana, ya pili inaondoka saa kumi. Masaa mawili, iko fiti, analipa.

Manze, hapo ndipo watu huchomeka.

Hayo masaa mawili si yako yote. Hesabu ya leyova, ule muda kati ya ndege mbili, inaanzia nyuma, kwa saa ya ndege ya pili, ukirudi hadi ya kwanza. Chukulia kaunta ya Mombasa inafungwa dakika 45 kabla ya ndege kuruka. Ikishafungwa imefungwa, hata ulie. So kwa masaa mawili tayari umebaki na saa moja na robo. Toa dakika 20 za ndege kutambaa mpaka isimame, milango ifunguliwe, na wasee wa viti vya mbele washushe mabegi yao. Halafu uhamiaji. Ukiwa na ID ya Kenya unapita bila viza, lakini ndege tatu zikitua pamoja laini ni ndefu hata kwa wenye nchi. Toa nusu saa. Na juu umetoka Uganda, unaweza kuulizwa kadi ya homa ya manjano. Iweke kwa mfuko, usiizike kwa begi kubwa. Kusubiri mzigo kwa mkanda, nusu saa ingine. Bado forodha, na bado kutoka nje na kuingia upande wa ndege za ndani, juu za Mombasa nyingi hutokea Terminali 1D, na hapo unaanza upya: skana, kaunta, skana tena. Ukijumlisha, kaunta imefungwa na wewe bado unatazama mkanda ukizunguka.

Lakini kuna kitu kinashinda hizo dakika zote, na wengi hawakiulizi: tiketi ni moja ama ni mbili?

Tiketi ikiwa moja, kutoka Entebbe mpaka Mombasa kwa buking moja, kampuni ndiyo imekuuzia hiyo leyova na ndiyo imeibeba. Kila uwanja uko na muda wa chini kabisa ambao kampuni zinaruhusiwa kuuza koneksheni, na ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni wao wa kukutafutia ingine bila kukuitisha doo. Hapo masaa mawili ni sawa, hata chini kidogo usilale na stress. Lakini ukinunua hii huku na ile kule juu ukijumlisha ziko cheap, hizo ni safari mbili ambazo hazijuani. Ya kwanza ikichelewa masaa matatu, ya pili itaenda bila wewe na hakuna mtu amevunja ahadi yoyote. Ukikosa umekosa, nunua ingine kwa bei ya siku hiyo, na bei ya siku hiyo Desemba ni noma.

So ukienda kwa ejenti wa tauni, usiulize tu ni ngapi. Mwambie, ssebo, hii ni tiketi moja? Na pale kaunta ya Entebbe, kabla begi halijaenda, soma ile karatasi wanafunga kwa mkono wake. Ikiandikwa MBA, begi limetumwa Mombasa. Bado uliza kama utalichukua mwenyewe Nairobi ulipitishe forodha. Ikiandikwa NBO, yaani Nairobi, hakuna swali, ni wewe na mkanda.

Inaniuma venye hii barabara ya angani imekuwa ngumu hivi. Zamani East African Airways iliunganisha Entebbe, Nairobi, Mombasa, Dar na Zanzibar chini ya kampuni moja, mpaka ikaanguka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Wazazi wetu walipata koneksheni ambayo sisi tunaishona wenyewe kwa fone.

Mimi kwa tiketi mbili napendekeza masaa manne, na karibu na Krisi ongeza. Halafu usibuku ndege ya mwisho ya siku. Chagua yenye ziko zingine nyuma yake, ndio hata ukichelewa kuna mahali pa kuangukia. Kama huna mzigo wa chini, kabegi ka mgongo tu, unaokoa ile nusu saa ya mkanda, na pengine masaa matatu yatakubeba.

Kuna siku hakuna hesabu inasaidia. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa JKIA, ule uwanja wa Nairobi pale Embakasi, waligoma juu ya ile dili ya kukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani, na wasafiri wakakwama pale masaa na masaa. Siku kama hiyo mwenye tiketi moja ana mtu wa kudai. Mwenye mbili ajaribu treni ya usiku ya SGR pale Syokimau, si mbali na uwanja, kama viti havijaisha.

Na mbogi ya kyeyo, wale wa kazi za ng'ambo wanaopitia Dubai: hiyo saa kwa tiketi ni ya huko, na Dubai iko mbele yetu saa moja. Doha, Addis na Istanbul ziko saa moja na Kampala, hapo hakuna cha kubadilisha. Anayeenda Marekani ajue begi linachukuliwa uwanja wa kwanza wa Marekani, hata kama bado ana ndege ingine ya ndani. Hapo pia masaa mawili ni kujitesa. Na mwenye pasi ya Uganda akiuziwa leyova ya London aulize kwanza habari ya viza ya kupita, hata kama hatoki nje ya uwanja.

Ukipata leyova ndefu Nairobi, masaa nane hivi, usikae ndani ukinunua chai ya bei ya uwanja. Pasi ya Afrika Mashariki inakutoa nje bila viza, na tangu 2022 kuna ile Expressway ya juu. Shuka South C, kula pilau, salimia wasee, na masaa matatu kabla ya ndege uwe umesharudi Embakasi.