Kongwe, Bovu au Chakavu? Lugha ya Mnada wa Redio za Zamani

Mtu anunuaye kitu mnadani hununua maneno kabla ya kununua kitu chenyewe. Dukani aweza kukiwasha chombo, kukirudisha na kudai fedha zake. Mnadani husoma mstari mmoja katika orodha, hutazama kwa dakika chache, kisha nyundo hugongwa na hapana tena majadiliano. Kwa hiyo mstari ule mmoja hauna budi kuwa sahihi.

Katika makala haya tutachunguza maneno yanayohitajika katika ununuzi na uokoaji wa redio za zamani. Shughuli hii imestawi hasa Uingereza na Marekani, ambako wapenzi wa redio wana vyama vyao, kama vile British Vintage Wireless Society kilichoanzishwa mwaka 1976, na Antique Wireless Association cha mwaka 1952. Katika nchi zetu lugha hiyo hiyo huhitajika pale mtafsiri anapopewa orodha ya mnada wa ng'ambo, au ofisi inapotangaza kuuza vifaa vyake kwa mnada wa hadhara. Tumeichagua redio kwa sababu katika chombo hiki neno moja lililowekwa mahali pasipo pake laweza kumpotezea mtu fedha, laweza kuharibu chombo kisichopatikana tena, na laweza hata kuua.

1. Umri

Wafasiri wengi huandika "redio ya kale". Neno hili ni zuri katika masimulizi, lakini katika maandishi ya serikali lina mzigo wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vilivyoundwa na binadamu. Mpaka huo hakuna redio inayoweza kuufikia, kwani wakati huo redio haikuwako duniani. Forodha nazo zina kipimo chao: katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, kifungu cha 9706 ni cha vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka 100. Tukikumbuka kwamba kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilianza matangazo yake mwaka 1920, na BBC mwaka 1922, tutaona kuwa ni redio chache sana za mwanzo zinazostahili jina hilo leo.

Tunapendekeza basi "redio kongwe" kwa redio yenye umri mkubwa na thamani kwa ajili ya umri huo. "Kuukuu" libaki kwa kitu kilichotumika sana, kiwe cha zamani au cha juzi. Lililo bora kuliko yote ni kuutaja mwaka. Redio ya EKCO AD65, ile ya mviringo iliyosanifiwa na Wells Coates, ilitoka mwaka 1934; tarakimu hizo nne humweleza mnunuzi mengi kuliko sifa yoyote.

2. Hali

Hapa ndipo penye matatizo makubwa zaidi. Matangazo ya ofisi zetu hupenda kusema "vifaa chakavu". Neno "chakavu" husema kuwa kitu kimechoka, lakini halisemi kimechoka wapi. Kasha lililochubuka ni chakavu. Redio isiyotoa sauti ni chakavu. Hata chuma cha kuuzwa kwa uzito ni chakavu. Redio kongwe ikiandikwa hivyo, yaelekea itatupwa katika rundo moja na mabati na kununuliwa kwa bei ya mabati.

Neno "mbovu" nalo halitoshi. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri yenye kasha mfano wa sufuria, kwa bei ya paundi 5. Redio za vali za namna hiyo zilihitaji betri kavu za volti nyingi, mara nyingi 90 hivi, ambazo leo hazipatikani madukani. Redio ya betri iliyonyamaza huenda haina ubovu wowote ila kukosa betri yake. Kuiita mbovu ni kuisingizia.

Kinyume chake, neno "inafanya kazi" ni la hatari. Ndani ya redio za umeme za miaka ya 1930 na 1940 mna kapasita za karatasi na nta ambazo kwa uzee huvujisha umeme, na nyingine za maji ya kemikali ambazo hukauka. Redio iliyolala ghalani miaka 40, ikichomekwa ghafla ukutani ili wanunuzi wasikie mlio wake, yaweza kuimba kwa dakika tano kisha ikaunguza transfoma. Transfoma hiyo yaweza kuwa ndiyo sehemu ngumu kupatikana kuliko zote. Mnadi aliyedhani anathibitisha uzima wa chombo atakuwa amekiua mbele ya mashahidi. Kwa sababu hiyo wajuzi huipenda redio iliyoandikwa "haijawashwa" kuliko iliyoandikwa "imejaribiwa". Fundi mwangalifu huifungua kwanza, huzikagua kapasita na nyaya, ndipo huipa umeme kidogo kidogo. Wengine huunga balbu ya zamani ya waya kwa mfululizo katika njia ya umeme: balbu ikiwaka kwa nguvu zote, ndani mna hitilafu kubwa, nayo redio imesalimika.

3. Chasisi yenye umeme

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 viwanda vya Marekani viliunda kwa wingi redio za bei nafuu zenye vali tano na zisizo na transfoma ya umeme. Nyuzi za moto za vali hizo ziliungwa kwa mfululizo: tatu za volti 12, moja ya volti 50 na moja ya volti 35. Jumla yake ni volti 121, yaani karibu sawa na umeme wa nyumbani nchini humo. Hesabu hiyo iliokoa gharama, lakini ilikuwa na matokeo mawili. Kwanza, chasisi ya chuma yaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja, kwa kutegemea plagi imechomekwa upande upi. Pili, redio hiyo ikichomekwa kwetu katika volti 230, huungua.

Hivyo orodha isemayo "haina mfuniko wa nyuma wala vifundo vya kuzungushia" haielezi upungufu wa sura tu. Katika redio ya namna hii vitu hivyo ndivyo kinga kati ya mkono wa mtu na mauti, na balbu tuliyoitaja haichukui nafasi yake. Tunapendekeza istilahi "chasisi yenye umeme", na mtafsiri asiifupishe.

4. Majina mawili, kitu kimoja

Mtafsiri wa maandishi ya redio hutegwa na Kiingereza chenyewe. Waingereza waliita sehemu ile ya kioo kwa jina la vali, kwa kuwa kile chombo cha John Ambrose Fleming cha mwaka 1904 kiliruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kama vali ya maji. Wamarekani waliiita bomba. Ikiwa kitabu kimoja kitafasiriwa kwa "vali" na kingine kwa "bomba", msomaji atadhani ni vitu viwili. "Vali" litoshe kwa vyote. Kadhalika "kondensa" ya michoro ya zamani ndiyo "kapasita" ya leo. Na kwa kuwa kondensa ni jina linalotumiwa pia katika majokofu, "kapasita" lafaa zaidi.

5. Kutengeneza

Neno letu "kutengeneza" lina maana mbili: kuunda kitu kipya, na kukiponya kilichoharibika. "Redio hii ilitengenezwa mwaka 1951": je, ilitoka kiwandani mwaka huo, au mwaka huo fundi aliipachika kapasita mpya? Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika orodha ya mnada hakuna muktadha.

Tunapendekeza mgawanyo ufuatao:

Kuunda: kazi ya kiwanda.
Kukarabati: kubadili kilichoharibika ili redio ifanye kazi tena.
Kurejesha: kuirudishia sura na hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani.
Kuhifadhi: kuizuia isiharibike zaidi, bila kubadili kitu.
Kufumua: kuivunja ili kupata vipuri vya kuokolea redio nyingine.

Kila neno lina bei yake. Kasha la mbao lililopigwa vanishi mpya laweza kumpendeza mgeni na kumchukiza mjuzi. Wapo mafundi wanaokung'uta matumbo ya kapasita ya zamani na kuficha mpya ndani ya ganda lile lile. Hiyo ni kazi ya ustadi wala si udanganyifu, mradi isemwe. Ikinyamaziwa na redio ikaitwa "ya asili", mnunuzi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

6. Maneno ya mnadani

"Dalali" hutumika kwa kila mtu wa kati, hata wa nyumba na viwanja. Kwa anayepaza sauti ya bei, "mnadi" ni bayana zaidi. "Zabuni" ofisini limekwisha kuzoeleka kwa bei inayoletwa kwa maandishi; kwa bei inayotajwa hadharani tuseme "dau", na kuipandisha ni "kupandisha dau". "Fungu", neno la sokoni, latosha kabisa kwa kitu au vitu vinavyouzwa kwa namba moja. Ipo pia tofauti kati ya "bei ya nyundo" na "ada ya mnunuzi". Ikiwa nyundo imegongwa kwa paundi 200 na ada ni asilimia 25, mnunuzi atalipa paundi 250 kabla ya kodi. Mfasiri asiyeitaja ada amepunguza robo ya bei ya nyundo kwa kalamu yake.

Hitimisho

Badala ya "Redio moja chakavu", karani aweza kuandika: "Fungu la 14. Redio kongwe ya umeme, vali 5, iliyoundwa Marekani, volti 120. Kasha la bakelaiti lina ufa upande wa kushoto. Haina mfuniko wa nyuma. Chasisi yenye umeme. Haijawashwa. Haijakarabatiwa, kwa kadiri ionekanavyo." Maelezo hayo hayazidi mistari mitatu. Muuzaji ameepuka lawama, mnunuzi amejua analolipia, na fundi ameonywa kabla ya kutia mkono.

Mafundi wa mitaani bila shaka wana maneno yao kwa mengi tuliyoyataja, na huenda baadhi yakapita haya yetu kwa ufupi na ladha. Walimu wa ufundi na wafasiri walio karibu nao wayakusanye na kutuletea, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika, ili yapimwe kabla ya kusanifiwa.