Miaka sabini chini ya hema: tulivyoshukuru umri wa Bibi

Kikao chetu cha kwanza cha familia kilivunjika kabla ya chai kupoa. Mama yetu, ambaye wajukuu wanamwita Bibi na sisi watoto wake tumezoea kumwita hivyo hivyo, alikuwa anatimiza miaka sabini. Vijana walitaka ukumbi Kayanga, keki, mapambo na muziki. Baba Mdogo, ambaye husomesha madrasa, alisema kwa upole kwamba hatakuja. Binti mmoja akalia. Bibi mwenyewe hakuwepo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

Tunayaeleza haya kwa kuwa tunaamini si nyumba yetu peke yake iliyopita hapo. Suala la siku ya kuzaliwa lina kauli zaidi ya moja miongoni mwa wanazuoni. Wapo wanaolikataa kwa kuwa halikuwa mwenendo wa wema waliotangulia na lina harufu ya kuiga wengine. Wapo wanaoliona kuwa ni ada tu, isiyo na ubaya ikisalimika na haramu na ubadhirifu. Baba Mdogo yuko pamoja na wa kwanza. Lakini katika kikao cha pili yeye ndiye aliyefungua njia. Alitukumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu saumu ya Jumatatu, alieleza kuwa ni siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. "Shukrani yake ilikuwa ibada," akasema. "Basi tusimfanyie Shemeji sherehe. Tukusanyike tumshukuru Mungu, tutoe sadaka, tuunge udugu. Hilo nitakuja."

Wazo la kupiga kambi lilitoka kwa wajukuu. Ukumbi ni wa saa chache na kila mtu anarudi kwake; kambini mtu hana pa kukimbilia. Familia iliyotawanyika Bukoba, Mwanza na Karagwe ingelazimika kukaa, kupika na kuswali pamoja kwa siku mbili. Sote tuliafiki.

Hapo ndipo tulipokwenda kumweleza Bibi.

Kwanza alicheka hesabu yetu. Hana cheti cha kuzaliwa. Anachokijua ni kwamba bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1961, yeye alikuwa mtoto wa chuoni, akiandika alifu kwa kijiti, umri wa miaka saba au minane. Tulipomwambia kwamba kwa mwaka wa Kiislamu, ambao una siku 354 au 355, miaka 70 ya jua inakuwa 72 na zaidi kidogo, alijibu, "Kwa hiyo mmechelewa miaka miwili, wanangu."

Kisha akasikia neno hema, na uso ukabadilika. "Mahemani hulala wakimbizi," alisema. "Mimi silali humo." Akainuka, akaenda kuchambua maharage.

Wasomaji wetu wa Kagera hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1994 watu waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka kuingia Ngara na Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa ya leo. Vilima vilivyokuwa malisho vilifunikwa na maturubai, na kambi zilidumu hadi mwisho wa mwaka 1996. Kwa mtoto aliyezaliwa baada ya hapo, kambi ni starehe aliyoiona kwenye simu. Kwa mtu wa umri wa Bibi, kambi ni jina la msiba.

Baba Mdogo alikwenda kuzungumza naye. Hakumlazimisha. Alimkumbusha kwamba katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba za ngozi, nyepesi kubebwa siku ya safari, miongoni mwa neema Zake. Kwamba mahujaji wote, tajiri na masikini, hulala mahemani Mina. Na kwamba Uislamu wenyewe uliingia Karagwe na misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani na Unyanyembe, wakaweka makazi Kafuro zama za mtawala Rumanyika. Hao nao walikuwa watu wa mahema. Bibi alinyamaza kwa siku tatu. Kisha akatuma ujumbe kwamba atakuja kwa masharti mawili: apelekwe Mtagata, alikowahi kupelekwa na mama yake akiwa msichana, na pasipikwe chakula ambacho majirani watakinusa tu.

Basi mipango ikaanza, na hapa tunapenda kuwanufaisha wenye nia kama yetu.

Tulichagua mwisho wa wiki wa katikati ya Julai, kwa kuwa masika imekwisha na mvua za vuli bado. Lakini kiangazi cha nyanda za juu kina baridi kali usiku. Kila mtu alibeba blanketi mbili, na Bibi akapata godoro nene na kitanda cha kukunja. Tuliifikiria Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, tukaona kwamba kulala ndani ya hifadhi kunahitaji kibali, malipo na tahadhari ya wanyama, mambo ambayo hayakulingana na mzee wa miaka sabini na watoto wa miaka minne. Tukaomba malisho ya jamaa huko Kyerwa, si mbali na chemchemi za Mtagata. Tulipita Omurushaka kuelekea Nkwenda, maji ya kunywa na dawa za presha za Bibi zikiwa katika gari la mbele.

Hema la wanawake lilisimama upande mmoja, la wanaume upande wa pili, la Bibi katikati, mlango ukitazama moto. Choo kilichimbwa kabla ya mizigo kushushwa. Hilo tunalisisitiza: stara ikikosekana, wanawake na wazee hawapumziki.

Kibla kilikuwa somo la watoto. Kutoka Kyerwa, Makka iko kaskazini, ikiinamia kidogo mashariki. Kila mwaka tarehe 15 na 16 Julai, karibu saa 6 na dakika 27 mchana kwa saa zetu, jua huwa wima juu ya Al-Kaaba. Watoto walisimamisha kijiti ardhini wakasubiri. Kivuli kilipoangukia upande mmoja, kibla kikawa upande wa pili. Walipanga mawe kuwa mstari wa mihrabu, na kwa siku mbili hakuna aliyethubutu kuyasogeza.

Swala nayo ilileta swali. Waliotoka Bukoba na Mwanza ni wasafiri, wanaruhusiwa kupunguza. Bibi na Baba Mdogo hawakufikia umbali wa safari. Kwa kuwa Baba Mdogo ndiye aliyetuswalisha, sote tulikamilisha nyuma yake, kwani msafiri anayemfuata mkazi huswali kama yeye.

Mbuzi alichinjwa Jumamosi. Sehemu kubwa ilikwenda kwa majirani pamoja na ndizi na maharage, kama Bibi alivyotaka. Keki haikuwepo, na hakuna mtoto aliyeiulizia.

Usiku ule, baada ya Isha, tulimwomba Bibi atusimulie umri wake. Tulitarajia habari za marehemu baba yetu, harusi na mibuni ya kwanza. Yeye alilishika turubai la hema, akalisugua kwa vidole, akaanza na mwaka 1994.

Alisema kwamba usiku mmoja aliitwa na majirani kwenda kambini, kwa kuwa alikuwa akijua kuzalisha. Chini ya turubai lililovuja alimkuta mwanamke aliyetembea siku nyingi. Mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Alizaliwa mtoto wa kike, akafungwa kwa kanga ya Bibi. Kwa muda alikuwa akiwapelekea uji. Na Desemba 1996, wakimbizi waliporejeshwa, alikwenda akakuta pale pana majivu na vigingi.

"Mimi siijui siku niliyozaliwa," alisema. "Lakini ya yule mtoto naijua. Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Huenda hana mtu mwingine wa kumwambia."

Tulikuwa watu ishirini na wawili, na ilisikika sauti ya moto tu. Tulikuwa tumeishi naye miaka yote hiyo bila kumuuliza kwa nini hapendi harufu ya turubai jipya.

Alfajiri wanawake walimpeleka Mtagata. Chemchemi hizi zina sifa ya kale. Stanley alipofika mwaka 1876 alikuta wagonjwa waliokuja kujitibu. Baba Mdogo alikuwa amewausia vijana kwamba maji ya moto ni sababu tu na shifaa ni ya Allah, wala hapatupwi sarafu wala kuombwa mizimu. Kwa ajili ya presha yake, Bibi hakuzama. Alitumbukiza miguu tu, akakaa kimya muda mrefu.

Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba umri wa umma wake ni baina ya miaka sitini na sabini, na ni wachache wanaovuka. Bibi amefika ukingoni, na tulikuwa karibu kumwekea muziki ukumbini ambao usingemwachia nafasi ya kusema neno. Nasaha yetu kwa familia nyingine ni nyepesi: kabla ya kugombania halali na haramu ya shughuli ya mzee, mwulizeni mzee mwenyewe, kisha mkae naye mahali ambapo hakuna wa kuondoka mapema.

Kabla ya kung'oa mahema tuliomba dua. Bibi alituombea sisi, akawaombea wazazi wake, akamwombea mtoto wa kike ambaye hatumjui jina, popote alipo, umri wenye baraka. Tukaitikia amin. Turubai la hema lake hakukubali lirudishwe Bukoba na mizigo. Alilikunja mwenyewe, akaliweka miguuni pake garini.