Tarakilishi ya Mezani ya Kesho: Umbo, Riziki na Istilahi

Makala haya yanaeleza mabadiliko yanayotarajiwa katika tarakilishi za mezani na athari zake katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet.

Kwa miaka mingi tarakilishi ya mezani ilikuwa sanduku lenye viungo vinavyotenganishika: kichakataji, kumbukumbu na diski ya kuzunguka. Kiungo kilichoharibika kilibadilishwa na fundi wa mjini. Mwelekeo wa sasa ni kuviunganisha. Mwaka 2020 kampuni ya Apple ilitoa Mac mini ambayo kichakataji na kumbukumbu yake vimo pamoja. Faida yake ni kasi na matumizi madogo ya umeme. Hasara ni kwamba kumbukumbu haiongezeki baada ya ununuzi. Endapo muundo huu utaenea, shule italazimika kukisia leo mahitaji yake ya miaka ijayo, naye fundi atapoteza sehemu ya riziki.

Wenyeji wa Kericho wanaujua uzito wa suala kama hili. Mwezi Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai kwa hofu ya vibarua kupoteza ajira.

Istilahi nazo zinatikiswa. Neno "diski" lina maana gani katika kifaa kisicho na kisahani? Yafaa wanafunzi wa Kiswahili waunde istilahi kwa kuzingatia kazi ya kifaa, kwa mfano "hifadhi", badala ya umbo lake. Mwalimu na fundi wakitumia istilahi moja, mnunuzi ataweza kuuliza mapema iwapo kumbukumbu inaongezeka.