Kabla ya Kufuta Windows, Tazama Saa

Rwanda iliingia katika mpango wa One Laptop per Child mwaka 2008, na baadaye laptopu za XO zaidi ya 200,000 zikafika shuleni. Mashine hizo zilibuniwa zikiwa na ulinzi ulioitwa Bitfrost. Ulinzi ukiwa umewashwa na betri ndogo ya saa ikafa, XO iligoma kuwaka, ikaandika tu kwamba tarehe si halali. Kioo kizima, kibodi nzima, mtoto hana kompyuta.

Saa bado inawasumbua mafundi wa Kigali, ingawa zama hizi ni za Windows Autopilot. Kwa mfumo huu ofisi husajili alama ya kila mashine kwa Microsoft mapema. Mfanyakazi anafungua boksi, anaunganisha intaneti, anaingiza anwani yake ya kazi, na programu pamoja na masharti ya ofisi hujipakua. Ikikwama, hutokea msimbo tu.

Wengi hapo hukimbilia kufuta kila kitu na kupakia Windows upya. Ni kupoteza bando. Msimbo 0x80180018 kwa kawaida humaanisha leseni ya mtumiaji ina kasoro. 0x801c0003 mara nyingi ni mtu asiyeruhusiwa kuunganisha mashine, au aliyemaliza idadi yake. Dawa iko kwa msimamizi, mashine haina kosa.

Saa ni mjanja zaidi. Windows mpya isiyoelekezwa huanza na majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo wakati wa baridi huwa nyuma ya Kigali kwa saa 10. Fundi akisogeza saa ifanane na simu yake bila kugusa majira, kioo kitasema kweli, lakini hesabu ya ndani itakuwa saa 10 mbele. Vibali vya muda mfupi vitaonekana vimekwisha, na usajili utakataliwa kwa msimbo usiotaja saa hata kidogo.

Dawa: bonyeza Shift na F10 pamoja, kisha, katika dirisha la amri, weka majira sahihi kwa tzutil. Kigali haimo kwenye orodha. Chagua ya Harare na Pretoria, kwani ya Nairobi itakupeleka mbele saa nzima. Halafu amuru w32tm /resync. Ikishindikana, jaribu intaneti ya simu: ikikubali, ngome ya mtandao wa ofisi huenda imefunga mlango wa UDP 123, unaopitisha saa.