Dadu na ustadi kwenye mteremko wa Kyondo

Katika ludo, mchezo unaojulikana kote Afrika Mashariki na Kongo, ustadi wa mchezaji hauna nafasi kubwa, kwa kuwa namba inayotoka kwenye dadu ndiyo inayosogeza kete, na mchezaji hubakiwa na uchaguzi wa kete ipi isogezwe. Bao, kinyume chake, halina dadu kabisa na ushindi wake hutokana na hesabu ya anayecheza. Kati ya ncha hizo mbili ipo michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambamo kila mchezaji humwongoza mtu wa kubuni, msimamizi wa mchezo hueleza mazingira na kutoa uamuzi, na dadu hutupwa pale tu ambapo tendo la mhusika linaweza kufaulu au kushindwa.

Mchanganyiko huo wa msimamizi na dadu ulitangulia michezo yenyewe, kwani mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwasilisha jeshini mchezo wa vita ambao matokeo ya mapigano yake yaliamuliwa kwa dadu chini ya usimamizi wa mwamuzi. Miaka 150 baadaye, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, na toleo lake la tatu la mwaka 2000 liliweka kanuni ambayo sasa hufahamika zaidi: mchezaji hutupa dadu ya pande 20, huongeza namba inayopima ustadi wa mhusika wake, kisha jumla hulinganishwa na kiwango cha ugumu kilichopangwa na msimamizi; ikifikia kiwango hicho au kukizidi, tendo limefaulu.

Kanuni hiyo hueleweka vizuri zaidi ikiwekwa mahali panapojulikana. Mhusika anaendesha chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali wala injini, akishuka na magunia ya viazi kutoka milima ya Kyondo kuelekea Bulengera, mojawapo ya komini nne za jiji la Butembo. Mvua imenyesha, udongo unateleza, na breki yake ni kipande cha tairi anachokikanyaga kwa mguu. Msimamizi anapanga ugumu wa 15. Mwanafunzi asiye na nyongeza yoyote anahitaji 15 au zaidi kwenye dadu, yaani pande 6 kati ya 20, sawa na asilimia 30, ilhali mzoefu mwenye nyongeza ya 8 anahitaji 7 au zaidi, sawa na asilimia 70.

Hapo ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu dadu moja hutoa kila namba kwa uwezekano ule ule, na 1 hutoka mara nyingi sawa na 11. Dadu tatu za kawaida za pande sita zikijumlishwa, mambo hubadilika kabisa: kati ya matokeo 216 yanayowezekana, jumla ya 3 hupatikana kwa njia 1 tu, ilhali jumla ya 10 hupatikana kwa njia 27. Galileo aliandika juu ya jambo hili mwanzoni mwa karne ya 17, alipoeleza kwa nini wacheza kamari huona 10 mara nyingi kuliko 9, ambayo ina njia 25. Kwa dadu hizo tatu na ugumu ule ule wa 15, mwanafunzi hufaulu kwa asilimia 9 na mzoefu kwa asilimia 91. Bahati imebanwa katikati, na ustadi umepata uzito wake.

Kiangazi kikifika na ugumu ukashuka hadi 12, mzoefu anayetumia dadu ya pande 20 bado huanguka mara 3 katika kila majaribio 20, jambo ambalo halimtendei haki mtu aliyeshuka mteremko ule ule tangu ujana wake. Kwa dadu tatu hushindwa mara 1 tu kati ya 216, na msimamizi mwenye busara hataomba dadu itupwe, bali atasema amefika. Uamuzi mzito zaidi basi hufanyika kabla dadu haijaguswa, nao ni wa msimamizi anayechagua kama tendo lina mashaka ya kweli na ugumu wake ni kiasi gani. Kwa hiyo ni haki ya mchezaji kuambiwa namba hiyo mapema, aamue kama atapunguza mzigo, atamwomba mwenzake amshikie chombo kwa nyuma, au atasubiri njia ikauke.

Mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010 ulikwenda mbali zaidi kwa kuondoa mgawanyo wa kufaulu na kushindwa pekee. Dadu mbili za pande sita hujumlishwa: 10 au zaidi ni mafanikio kamili, 7 hadi 9 ni mafanikio yenye gharama, na chini ya hapo mambo huharibika. Asiye na nyongeza hufanikiwa kikamilifu kwa asilimia 17 na kuharibikiwa kwa asilimia 42; mwenye nyongeza ya 2 hugeuza namba hizo, 42 kwa 17. Sehemu ya katikati hubaki asilimia 42 kwa wote wawili, na ndiyo yenye masimulizi mengi zaidi, kwa kuwa chukudu imefika Bulengera lakini gunia moja limepasuka njiani, na mwenye mali bado anadai hesabu ya viazi vyake vyote.