Njia ya Motokari Mpaka Mitumbwini: Namna ya Kuilinda Isifungwe

Ninyi mnaokaa kando ya ziwa Tshangalele, katika Kapolowe na vijiji vilivyo karibu, mnajua faida ya motokari kufika penye mitumbwi. Samaki wanatolewa majini alfajiri, wanapakiwa, na kabla jua halijawa kali wako sokoni Likasi. Lakini motokari ikikwama mchangani, mambo yanageuka. Mwenye motokari anachimba, anatafuta watu wa kusukuma, anawalipa. Je, fedha ile anaitoa wapi? Anaitoa katika bei ya samaki wenu. Akikwama mara ya pili, siku nyingine atasimama kule kwenye barabara kubwa na kusema: leteni ninyi wenyewe. Ndipo wake zenu na watoto wanabeba mabeseni kichwani, na samaki wanaofika wakiwa wamelegea hununuliwa kwa bei ndogo, au hawanunuliwi kabisa.

Kwanza yafaa kujua tabia ya ziwa hili. Si ziwa la tangu zamani za mababu. Mto Lufira ulizuiwa kwa bwawa pale Mwadingusha, penye maporomoko yaliyoitwa Cornet, na kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Maji yalipanda yakafunika bonde. Bonde lilikuwa tambarare, kwa hiyo ziwa ni pana sana, lakini mahali pengi kina chake ni meta chache tu. Tena maji hupanda na kushuka: hupanda kwa mvua, hushuka wakati wa kiangazi na kwa kadiri mitambo ya umeme inavyoyatumia.

Fanyeni hesabu hii. Ikiwa pwani yenu inainama meta 1 tu katika kila meta 100, maji yakishuka nusu meta, ukingo wa maji unakwenda mbali meta 50. Mtumbwi uliokuwa karibu na mti mwezi wa Aprili, mwezi wa Oktoba uko mbali, na katikati ni mchanga mtupu na tope. Dereva anaona mitumbwi mbele yake, anaifuata, anazama. Mtu hawezi kutengeneza barabara ya kufuata maji yanayohama kila mwezi. Anayejaribu anapoteza nguvu zake bure.

Shauri letu ni hili. Motokari iwe na mahali pake pa kusimama, juu ya mstari wa maji ya masika, penye udongo mgumu. Hapo wekeni uwanja wa kugeuzia, upana wake hatua 25 kila upande, ili lori ligeuke bila kurudi nyuma mchangani. Kutoka uwanja huo mpaka majini iwe njia moja tu, iliyonyoka, ya mikokoteni na ya watu. Motokari nyepesi inaweza kushuka njia hiyo wakati wa kiangazi, ikiwa imetandikwa vizuri. Lori lenye mzigo lisishuke hata siku moja, hata dereva akijisifu namna gani.

Chagueni pwani ya mchanga, si ya tope jeusi. Mchanga wenye unyevu kidogo hubeba gurudumu. Mchanga mkavu hukimbia chini yake. Mchanga uliojaa maji humeza. Pigeni mti chini katika sehemu mbalimbali mkaone mahali ambapo hauingii upesi. Tena msikate matete na mafunjo yote ili kupata nafasi. Mizizi yake inashika ukingo usiliwe na mawimbi, na samaki wadogo wanajificha humo. (Katika matete ya ziwa hili anakaa pia ndege mfuma-kiota ambaye wataalamu walimpa jina lake, Ploceus ruweti, mwaka 1982. Watu wa mbali wanafunga safari ili kumwona yeye tu, na hao nao wanakuja kwa motokari.) Fungueni mlango mmoja wenye upana wa hatua 10, mwingine acheni.

Kutandika njia si kazi ya fedha nyingi. Pangeni mistari miwili ya changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, kila mmoja upana wa hatua moja, kwa kipimo cha magurudumu. Kule chini karibu na maji, ambako changarawe ingezama, lazeni fito nene au mianzi kwa kukingama njia, zikiwa zimefungwa pamoja kama mkeka. Mkeka huo huvutwa juu maji yanapopanda, na kushushwa tena yanapokwenda. Kando ya njia chimbeni mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye majani, yasipite katikati ya njia. Mvua moja ya Januari isiyo na mfereji hufanya korongo ambalo watu ishirini hawalijazi kwa siku moja.

Jambo moja mliangalie sana ninyi mnaokaa karibu na viwanda na migodi. Msijaze njia kwa mabaki ya migodi, wala kwa mchanga uliokwisha kuoshwa shaba, ingawa uko karibu na hauuzwi. Ndani yake zimebaki shaba, kobalti na metali nyingine, na mvua huzipeleka ziwani. Tayari maji ya viwanda vya Likasi hufika Lufira kwa kupitia mto Panda, na watafiti waliopima metali hizo katika mimea na wanyama wa bonde hili walichapisha kazi yao mwaka 2010. Je, mtaongeza sumu kwa mikono yenu, tena mahali mnapooshea samaki? Ni afadhali kuchukua changarawe mbali kidogo.

Sasa tuseme neno lililo gumu kuliko mchanga. Njia nyingi za pwani hazikuharibiwa na maji. Zilifungwa na watu. Mmoja anajenga kibanda cha kukaushia samaki, kwa sababu ni kiangazi na mahali ni wazi. Wa pili anaweka meza ya kuuza chumvi na sabuni. Wa tatu anaona udongo una unyevu, anapanda mboga. Hakuna aliyekusudia kufunga njia, lakini siku ya mvua lori linafika na halina pa kupita. Mkimwambia mtu avunje kibanda chenye paa la mabati, ugomvi unaanza, na ugomvi huo hupita kwa watoto.

Kwa hiyo pimeni njia kabla ya banda la kwanza. Mwiteni chifu, wavuvi, wanawake wanaouza samaki, na wenye mashamba ya kandokando. Wekeni upana wa hatua 10 tangu barabara mpaka uwanja. Andikeni mapatano, na nakala iende kwa chifu na kwa ofisi ya Leta. Maana sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi ni mali ya Leta, na mtu asiye na karatasi akija baadaye mgeni mwenye karatasi, atashindwa. Kisha pandeni miti pande zote mbili, miembe au mingine yenye faida. Mti husimama mahali pake hata wazee waliopima wakifa. Anayelima karibu alime nyuma ya mti.

Kwa matengenezo, siku moja ya salongo kila mwezi inatosha, na siku mbili kabla ya mvua za Novemba. Wazee wenu waliwahi kulima barabara kwa amri na kwa hofu ya gereza, barabara zilizopitisha mali za wengine. Hii inapitisha samaki wenu. Kila motokari inayopakia ilipe kidogo, na fedha ziandikwe katika daftari wazi ambalo mvuvi ye yote aweza kulisoma. Fedha zisizoandikwa hutengeneza kila kitu isipokuwa njia.

Na motokari ikizama hata hivyo, dereva asikanyage mafuta kwa nguvu, kwa kuwa magurudumu yanachimba kaburi lake. Pakueni mzigo kwanza. Ondoeni mchanga mbele ya magurudumu, toeni upepo kidogo katika mipira ili ipanuke, wekeni fito chini, ndipo itoke polepole kwa kufuata alama ilizojia. Pampu iwekwe nyumbani kwa mlinzi wa uwanja, mipira ijazwe tena kabla ya motokari kurudi kwenye barabara ya Likasi.